Sura ya Sita: Tambara la Arobaini na Mbili

Inspekta alikata tiketi kama mgeni mwingine yeyote. Angeweza kutoa kitambulisho akapita, lakini kituoni hawakumpa jina la Bi Polepole bure. Alipanga foleni nyuma ya baba mmoja mwenye watoto watatu wasiotulia, akalipa, akapewa karatasi ya maelezo, akaisoma yote mbele na nyuma, pamoja na ile mistari ya mwisho inayokataza kula ndani.

Ilikuwa Ijumaa, saa nne asubuhi. Ikifika saa nane mchana, Mkurugenzi wa makumbusho angetia sahihi barua mbili. Ya kwanza ilikuwa ya kwenda polisi, kumshtaki mhudumu wa studio kwa wizi wa picha. Ya pili ilikuwa ya mhudumu mwenyewe, kumwachisha kazi na kumtoa kwenye chumba cha uani alichokaa miaka thelathini na moja. Mhudumu huyo kila mtu alimwita Shangazi. Hata Mkurugenzi alimwita hivyo, na hata leo asubuhi alipomwambia afungashe.

Jalada la kesi lilimfikia Inspekta jana jioni, likitoka kwa sajini mmoja ambaye haraka zake zinajulikana mpaka makao makuu. Halikuwa na mengi. Jumba hili lilikuwa studio ya mchoraji maarufu ambaye watu wote walimwita Fundi, na tangu afariki, miaka sita iliyopita, limeachwa vilevile alivyoliacha. Kwenye stendi yake palikuwa na picha ya mwisho, Mlango wa Nyuma, ambayo hakuimaliza. Jumanne ya wiki hii alikuja mtaalamu kuikagua kabla haijasafirishwa kwenda kwenye maonyesho. Akaigusa pembeni kwa kipande cha pamba chenye tone la tapentaini. Pamba ikatoka na rangi ya kijani.

Sasa picha ya mtu aliyekufa miaka sita iwe bado mbichi, kwa muujiza gani? Mtaalamu alitazama, akanusa, akaomba kiti akae. Iliyokuwa kwenye stendi ilikuwa nakala. Ya kweli ilikuwa imeshatoka siku nyingi.

Habari ya nakala waliijua watu wachache: mtaalamu, Mkurugenzi na polisi. Wafanyakazi waliambiwa picha imeibiwa, basi. Hilo ndilo jambo pekee la maana alilofanya sajini. Baada ya hapo aliuliza juu ya ufunguo, akaandika juu ya ufunguo, akafunga jalada. Studio ina funguo mbili. Mmoja uko kwenye kasha la chuma la Mkurugenzi, ndani ya bahasha ambayo lakiri yake haijavunjwa. Wa pili Shangazi huuvaa shingoni kwa uzi. Na Shangazi aliandikisha mwenyewe, kwa kinywa chake: "Ufunguo haujanitoka hata siku moja." Sajini alilipigia mstari neno hilo, mara mbili.

"Karibuni, karibuni sana! Jisikieni mko nyumbani, ila msiguse kitu!"

Mwongoza wageni alikuwa kijana wa makamo, shati limenyooka, sauti ya redio. Wenzake walimwita Kasuku, kwa sababu maneno yake hayakubadilika mwaka hadi mwaka, wala vichekesho vyake. Zamani alikuwa mwanafunzi wa Fundi. Inspekta akajiunga na kundi, akabaki nyuma karibu na wale watoto watatu, akapata nafasi ya kutazama kwa raha zake.

Chumba kilikuwa kikubwa, dari liko juu, madirisha matatu makubwa upande mmoja. Sakafu ya mbao ilijaa madoa ya rangi mpaka huwezi kujua mbao zenyewe zilikuwa za rangi gani. Nyuma ya kamba nyekundu palikuwa na kochi lililobonyea katikati, redio, jozi ya viatu vilivyokakamaa kwa rangi, na meza ndefu yenye mikebe ya brashi. Katikati, ile stendi ya mbao, tupu, imebandikwa kadi: Picha imeondolewa kwa matengenezo.

"Na sasa, mabibi na mabwana, maajabu ya nyumba hii." Kasuku aliugeuzia ukuta mgongo, akawatazama wageni, akarusha mkono nyuma juu ya bega bila kuangalia ulikoelekea. "Fundi alikuwa na mwiko wake. Kila picha na tambara lake la kupangusia brashi. Picha ikianza, tambara jipya. Picha ikiisha, tambara linatundikwa ukutani, halifuliwi, halitumiki tena. Matambara arobaini na moja, picha arobaini na moja. La mwisho, la Mlango wa Nyuma, alitundikiwa na familia wiki ya msiba."

Wageni wakasema aah. Wakapiga picha. Wakamfuata Kasuku chumba cha pili.

Inspekta alibaki. Ukutani, kwenye misumari iliyopangwa safu nne, yalining'inia matambara ya kila aina, vipande vya shuka, vya mapazia, vya mashati, yote yamekauka na kusimama kama ngozi. Akayahesabu. Akayahesabu tena. Kisha akaenda upande wa pili wa ukuta, akaanza kuhesabu kutoka kule, maana mtu akikosea kutoka kushoto anaweza kusahihishwa na kulia.

Yalikuwa arobaini na mawili.

*

"Mmemaliza?" Mkurugenzi aliuliza. Alikuwa mtu mwembamba, tai imembana mpaka unamwonea huruma, na barua zake mbili zilikuwa tayari mezani.

"Ndiyo kwanza nimekata tiketi," Inspekta alisema. "Nisaidie. Shangazi anajua kuchora?"

"Shangazi? Hata yai hawezi kuchora. Lakini kufungua mlango anaweza. Kuna mtu alimfungulia, akakaa humo mpaka akamaliza nakala yake. Yeye ndiye mwenye ufunguo, na amekiri kwamba haujamtoka. Mnataka nini zaidi?"

"Ripoti inasema komeo la dirisha la tatu limevunjika."

"Ah, hilo! Hata mimi nilifikiri hivyo mwanzoni. Labda mtu aliingilia huko."

Walikwenda wakalitazama. Komeo kweli lilikuwa limevunjika vipande viwili. Inspekta akapitisha ukucha kwenye sehemu iliyokatika. Ilikuwa imefunikwa na rangi ya buluu, nzito, ya zamani, iliyokuwa imechuruzika mpaka kwenye fremu na kuligandisha dirisha zima. Akatoka nje, akalisukuma kwa mkono, kisha kwa bega. Halikutikisika. Kwenye kona buibui alikuwa amejenga mji.

"Limevunjika Fundi akiwa hai, na yeye mwenyewe akalipaka rangi," alisema aliporudi, akijipangusa bega. "Huku hakupita mtu. Matambara mnayo mangapi?"

"Arobaini na moja. Yamo kwenye orodha ya vitu vyote vya studio, na kila moja lina namba yake."

"Hebu tuhesabu."

Mkurugenzi alihesabu kwa kidole, midomo ikicheza. Alipofika mwisho akakunja uso, akaanza upya. "Haiwezekani. Labda mgeni amesahau leso yake."

"Akatafuta na msumari, akaupigilia?"

Inspekta alimwonyesha. Misumari yote ilikuwa na kutu, ila mmoja, safu ya chini kabisa, uling'aa. Tambara lililotundikwa hapo lilikuwa kipande cha shuka la maua, na halikuwa na vumbi la miaka. Rangi zake ni kijani cha mlango, manjano iliyokolea, wekundu wa matofali na weupe wa majivu. Tambara la jirani yake, namba arobaini na moja, lilikuwa na rangi hizohizo nne. Ukiyatazama pamoja ungesema ni mapacha.

"Fundi alianza picha moja tu yenye rangi hizi," Mkurugenzi alisema taratibu.

"Kwa hiyo ya pili aliianza mtu mwingine." Inspekta akainama chini ya kamba, akaomba ruhusa kwa macho, akaisogelea meza. Hakugusa. Aliweka pua tu juu ya mikebe ya brashi, mmoja baada ya mwingine. Wa kwanza ulinuka vumbi. Wa pili, vumbi. Wa tatu ulinuka tapentaini na sabuni ya kufulia.

"Nani huosha brashi hapa?"

"Hakuna anayeosha!" Mkurugenzi aling'aka. "Ni vitu vya makumbusho. Mfanyakazi akigusa kitu cha Fundi, anafukuzwa siku hiyohiyo. Shangazi anaruhusiwa kupangusa vumbi, basi, tena kwa kitambaa nilichokichagua mimi."

"Naomba hizo barua zisubiri mpaka nirudi," Inspekta alisema.

"Saa nane."

"Saa nane si mbali. Nitakuwa nimerudi."

*

Chumba cha uani kilikuwa kidogo, kimefagiwa, na kila kitu kilikuwa tayari kimeshuka kutoka ukutani. Begi moja la nguo lilikuwa limefungwa kwa kamba. Shangazi alikuwa akipanga vikombe ndani ya ndoo, akivizungushia magazeti ili visigongane. Inspekta akamwamkia, akaitikiwa, akakaribishwa kwenye kigoda pekee kilichobaki.

"Umekuja kunifunga, mwanangu?"

"Nimekuja kuuliza. Brashi za Fundi unaziosha wewe?"

"Zikichafuka naziosha."

"Zinachafukaje?"

"Ala! Brashi inachafukaje? Kwa rangi." Shangazi alimtazama kana kwamba polisi siku hizi wanaajiri watu wasiojua hata mambo ya nyumbani. "Unaipangusa kwa tambara, unaitia tapentaini, halafu sabuni, unaisimamisha nywele juu. Kazi gani hiyo ya kuuliza?"

"Fundi amefariki miaka sita sasa."

"Najua. Mimi ndiye niliyemfumba macho."

Mkono wa Shangazi ukasimama juu ya kikombe. Alikuwa ameshasikia mwenyewe alichokisema. Akakizungushia gazeti kile kikombe mara ya pili, ingawa kilikuwa kimeshazungushiwa.

"Sajini alikuuliza kama uliona kitu chochote kisicho cha kawaida," Inspekta alisema. "Ulijibu hukuona."

"Sikuona. Brashi chafu kwenye chumba kile ni kitu cha kawaida. Miaka ishirini na tano nimezikuta hivyo kila asubuhi. Kisicho cha kawaida ni hii miaka sita zimekaa safi."

"Na tambara la maua?"

"Picha mpya, tambara jipya. Nilikata shuka langu kuukuu. Brashi zilipoacha kuchafuka nikajua picha imekwisha, nikalitundika. Ndivyo kazi inavyokwenda pale. Ningelitupa?"

Inspekta hakucheka, ingawa alitaka. Kumbe tangu Jumanne polisi, mtaalamu na Mkurugenzi walikuwa wakitafuta ushahidi, na ushahidi umetundikwa ukutani, mchana kweupe, na mtu aliyefanya kazi yake kama alivyofundishwa.

"Zilichafuka siku gani?"

"Jumanne. Nilikuwa nazikuta Jumanne."

"Jumatatu mnafunga."

"Tunafunga."

"Kwa hiyo kuna mtu aliingia Jumatatu. Na wewe Jumatatu unakuwa wapi?"

"Kwa dada yangu. Mgonjwa. Naondoka alfajiri, narudi jioni."

"Ufunguo unakwenda nao?"

Shangazi akafunga mdomo. Inspekta aliwahi kuhoji majambazi wenye makovu usoni walioropoka mapema kuliko mwanamke huyu.

"Nani alikuwa anachora, Shangazi?"

"Sijui."

"Ikifika saa nane hapa si kwako tena. Na kesho utaamkia mahabusu."

"Nimeshafungasha, si unaona?"

"Unamfichia mwizi."

"Mwizi simfichi!" Shangazi aliinuka na ndoo ikagongana na ukuta. "Mwizi simjui. Ningemjua ningemng'ata kwa haya meno machache niliyobakiwa nayo. Nilimlea Fundi na picha zake kama mwanangu, leo nifiche mwizi wake? Aliyekuwa akichora hakuiba kitu. Alikuwa anajifunza, anafuatisha ya mwalimu wake, kama wanafunzi wote walivyokuwa wakifanya enzi zile. Nilikuta rangi za Mlango wa Nyuma kwenye brashi nikafurahi, nasema kweli. Nikasema, angalau mmoja wao hajatupa mkono wake. Sasa niende kumtaja, afukuzwe kwa kushika brashi? Ana mke, ana mtoto mchanga. Mimi nina nini? Begi na ndoo."

Hapo Inspekta akaelewa, na jambo hilo likamuuma. Hakuna aliyekuwa amemweleza mama huyu kitu. Kwake picha ya kweli ilikuwepo stendini mpaka Jumanne ya wiki hii, halafu akaja mwizi asiyejulikana, akaichukua. Anayechora ni mwingine, anayeiba ni mwingine. Siri ya upelelezi ilikuwa imemfungia ukweli nje, naye akawa tayari kwenda mahabusu kwa ajili ya kosa la kushika brashi. Inspekta akakata shauri kuivunja.

"Keti, Shangazi. Kuna jambo hukuambiwa. Ile picha iliyochukuliwa Jumanne haikuwa ya Fundi."

"Haikuwa ya Fundi vipi? Ilikuwa Mlango wa Nyuma."

"Ilikuwa nakala. Rangi yake ilikuwa bado mbichi, ikamshika mtaalamu kwenye pamba. Ya Fundi iliondolewa kabla, nakala ikawekwa mahali pake. Siku gani hasa hatujui. Wewe ndiye unayejua. Brashi ziliacha kuchafuka lini?"

Shangazi alihesabu kwa vidole, akirudi nyuma. Alipofika akakaa chini, safari hii bila kuambiwa. "Jumanne ya mwisho kuzikuta chafu... wiki mbili kamili kabla hajaja huyo mtaalamu."

"Basi nakala ilikaa stendini siku kumi na tano."

"Niliipangusa vumbi," Shangazi alisema. "Kila siku. Nilikuwa naipangusa kwa upole, ncha ya kitambaa, nisiiumize."

Shangazi alijifuta uso kwa upande wa kanga, na alipoutoa upande ule, hasira ilikuwa imeshafika.

"Leo asubuhi alipita hapa mlangoni. Akasimama palepale. Akaniuliza kama nitahitaji mtu wa kunibebea begi." Akauvua ufunguo shingoni, akauweka kwenye kiganja cha Inspekta. "Jumatatu saba nilimpa huu. Alisema anataka kukaa na kazi za mwalimu wake kwa utulivu. Mwite Kasuku. Nitasema mbele yake."

*

Saa saba na nusu wageni walitolewa kwa adabu na mlango wa studio ukafungwa. Walibaki watu wanne: Inspekta, Mkurugenzi na barua zake kwenye mfuko wa koti, Shangazi, ambaye alikuwa ameshatoa begi na ndoo nje ya mlango wake, na Kasuku, ambaye alikuja akitabasamu na kijitabu chake mkononi.

"Swali dogo tu," Inspekta alisema. "Matambara ni mangapi?"

"Arobaini na moja, mama. Picha arobaini na moja."

"Geuka uhesabu."

"Mama, miaka mitano nayasema haya."

"Umeyasema. Kuyatazama ndiyo bado. Geuka."

Kasuku akageuka. Hakuhitaji kuhesabu. Macho yalishuka moja kwa moja mpaka safu ya chini, kwenye shuka la maua, yakakwama. Tabasamu lilibaki usoni kwa muda, kama mtu aliyesahau kuzima taa.

"Hilo sijui nani kaliweka."

"Mimi," Shangazi alisema. "Ni la picha yako."

"Picha yangu ipi, Shangazi?"

"Uliyochora Jumatatu saba, kwa ufunguo wangu."

Kasuku alimgeukia Mkurugenzi, akashusha sauti, ile sauti ya watu wazima wanapomzungumzia mgonjwa akiwa palepale. "Bosi, tumwonee huruma. Umri umekwenda, akili zinamchezea. Si ameandikisha polisi kwamba ufunguo haujamtoka? Leo umetoka. Kesho atasema alinipa mpaka kochi."

Mkurugenzi alimtazama Inspekta. Inspekta alikuwa akimtazama Shangazi. Neno la mtu aliyekwisha kudanganya polisi, dhidi ya neno la mtu safi. Hakimu gani angesita?

"Naomba kupita kwenye kamba," Shangazi alisema.

"Pita," Mkurugenzi alijibu, kabla hajakumbuka kanuni zake mwenyewe.

Shangazi alikwenda kwenye mkebe wa tatu, akachomoa brashi moja nene. Akatoa sindano iliyochomekwa kwenye ukosi wa gauni lake, akazitenganisha nywele za brashi chini kabisa, kwenye shingo, pale bati linapozishika. Ndani, mahali ambapo sabuni haifiki, palikuwa na kijani.

"Fundi alichovya ncha," alisema. "Miaka yote ile, ncha tu. Shingo za brashi zake unaweza kulamba. Wewe unazamisha mpaka kwenye bati. Alikugombeza, akakugombeza, mpaka akachoka akaniambia, Shangazi, huyu ana mkono mzuri lakini ataniua brashi. Chomoa zote zilizomo humu. Tatu zina kijani shingoni. Zilizobaki ni safi."

Inspekta alizichomoa, moja baada ya nyingine, kwa leso. Zilikuwa tatu kweli. Akazitia kwenye bahasha, akaandika saa na tarehe, akampa Mkurugenzi atie sahihi kama shahidi.

"Maabara italinganisha kijani hiki na cha nakala," alisema. "Lakini mimi kuna jambo lilinitosha mapema. Mwizi yeyote angeosha brashi kabla ya kuondoka. Hata mwizi wa kuku hujipangusa manyoya. Ni mtu mmoja tu ambaye angeziacha chafu mkebeni, wiki saba mfululizo, bila hata kuwaza. Mtu aliyefundishwa kuchora kwenye chumba hiki. Hujawahi kuosha brashi maishani mwako, au siyo? Ulikuwa unaziacha, asubuhi unazikuta safi."

Kasuku alikifunga kijitabu chake.

"Hakuna aliyejua," alisema, na ajabu yake alisema kwa kujivuna. "Siku kumi na tano. Maprofesa walipita. Kuna mama mmoja alilia mbele yake. Angesubiri mwezi mmoja tu huyo mtaalamu, ikauke, hakuna ambaye angejua mpaka kiyama."

"Ya kweli iko wapi?"

"Nyumbani. Nyuma ya kabati. Mnunuzi anakuja Jumapili."

"Tutampokea sisi," Inspekta alisema, na akaenda mlangoni kuwaita askari wawili waliokuwa wakingoja kwenye gari tangu saa sita.

Mkurugenzi alitoa barua zake mfukoni, akazichana mara mbili, kisha mara nne, na hakujua aweke wapi vipande, kwa kuwa ndani ya studio hakuruhusiwi kutupa kitu. Akavirudisha mfukoni. "Shangazi," alisema, "nilikukosea. Nilikukosea sana. Rudisha vitu vyako ndani."

"Nitarudisha. Lakini begi utalibeba wewe."

"Nitalibeba."

"Na ndoo ina vikombe, usiyumbeyumbe."

Inspekta alimgusa mkono. "Maelezo yako ya kwanza ni ya uongo, Shangazi. Kesho itabidi uje tuyaandike upya, na utasomewa onyo. Sitaki ushtuke."

"Nitakuja. Na safari hii niulizeni vitu vya maana."

Walitoka kwenda uani, Shangazi na Mkurugenzi wakitangulia. Askari walimpitisha Kasuku katikati yao, bila pingu, hatua za kawaida, na wafanyakazi wa jikoni na wa dirisha la tiketi walikuwa wamesimama ukutani. Kwenda getini lazima mtu apite mbele ya mlango wa Shangazi. Naye alikuwa amesimama hapo, kizingitini, akimwelekeza Mkurugenzi mahali pa kuweka begi.

Kasuku alipomfikia alipunguza mwendo. Likamtoka lile alilozoea kulisema kila asubuhi akipita hapo, tangu alipoletwa kwa Fundi akiwa na umri wa miaka kumi na sita.

"Shikamoo, Shangazi."

Askari walisimama. Mkurugenzi alisimama na begi lake. Wote pale uani waliisubiri marahaba, kwa kuwa mama yule hakuwa amewahi kumnyima mtu salamu, hata wadai, hata walevi.

Shangazi alimtazama mpaka kijana akainamisha kichwa. Halafu akaingia ndani, akaanza kutoa vikombe kwenye ndoo.